Jiji nalo lina katiba? Jinsi wapiga kura wa Portland walivyobadilisha ya kwao baada ya miaka zaidi ya 100

Kila Wamarekani wakipiga kura mwezi wa Novemba kuna maswali yanazunguka kwenye magrupu yetu, hasa kutoka kwa ndugu walioko kule ambao uraia wameupata juzijuzi na ndio wanapiga kura kwa mara ya kwanza. Mtu anapiga picha karatasi yake ya kura, juu kuna rais, seneta, gavana, mambo yanaeleweka, alafu ukishuka chini unakuta swali refu linauliza kama katiba ya jiji irekebishwe, Ndiyo au Hapana. Huku nyumbani watu wanashangaa, jiji lina katiba? Si katiba ni ya nchi? Na uvumi haukosekani, huyu anasema meya kabadilisha katiba, yule anasema ikipita jiji linafanya linavyotaka.

Tuanze taratibu. Mkenya akisikia mambo ya hati ya jiji anakumbuka ile aliyokabidhi Uhuru Kenyatta kule Nakuru Desemba 2021, au ile ya William Ruto kule Eldoret Agosti 2024. Ile ni hati ya kupanda hadhi, manispaa imekuwa jiji, basi. Mtanzania naye atawaza ule mkataba wa huduma kwa mteja unaobandikwa ukutani kwenye ofisi za serikali, unaosema barua itajibiwa ndani ya siku kadhaa. Vyote hivyo viweke pembeni, tunachozungumzia hapa ni kitu kingine.

Katiba ya jiji ya Wamarekani ni sheria mama ya jiji lenyewe. Ndani yake imeandikwa jiji litakuwa na madiwani wangapi, watachaguliwaje, meya ana nguvu gani na hana zipi, nani anaajiri mkuu wa polisi, bajeti inapita kwa nani, na muhimu kuliko yote, hiyo katiba yenyewe inabadilishwaje. Kama umewahi kuwa kwenye kikoba unaelewa tayari. Kikundi kina katiba yake, imeandika hisa ni shilingi ngapi, faini ya kuchelewa, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwenyekiti anaweza kuendesha kikao vizuri au vibaya, lakini hawezi kuamka asubuhi akasema kuanzia leo funguo zote nakaa nazo mimi, hilo lazima wanachama wote waitwe waamue. Na kwenye jiji wanachama ni wapiga kura.

Kwetu mambo hayaendi hivyo na ndiyo maana swali linatuchanganya. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Ilala ikapandishwa kuwa jiji, na mwananchi wa Buguruni au Sinza alisikia kwenye taarifa ya habari kama watu wengine wote. Sheria yetu inaruhusu, muundo wa jiji unaamuliwa juu. Kule Marekani inategemea jimbo, lakini majimbo mengi yameyapa majiji haki ya kujiandikia katiba. Oregon, jimbo la magharibi kabisa linalopakana na bahari ya Pasifiki, iliweka haki hiyo kwenye katiba ya jimbo mwaka 1906. Na Portland, jiji kubwa kuliko yote Oregon lenye watu kama laki sita na nusu, ndio mfano ninaotaka tuutumie, kwa sababu pale mchakato wote ulionekana wazi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, pamoja na makosa yake.

Kwanza ujue walikuwa na nini. Mwaka 1913 wapiga kura wa Portland walichagua mfumo wa makamishna. Ulikuwa ni mtindo wa wakati ule, ulianzia mji wa Galveston kule Texas baada ya kimbunga cha mwaka 1900 kuua maelfu ya watu na mji ukahitaji watu wachache wa kufanya maamuzi haraka. Kwenye mfumo huu unakuwa na watu watano tu, meya na makamishna wanne, na kila mmoja anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, anatunga sheria kama diwani, na papo hapo ni bosi wa idara. Huyu ana maji, yule ana zimamoto, mwingine ana barabara, mwingine bustani. Nani apewe idara gani anaamua meya, na meya anaweza kukunyang'anya idara akampa mwenzako.

Fikiria matokeo yake. Mtu amechaguliwa kwa sababu anajua kuongea na watu, kesho yake anaongoza idara yenye mainjinia na mabilioni ya bajeti. Na tatizo linalohitaji idara tatu kushirikiana, kama watu wanaolala nje barabarani ambalo Portland limewasumbua sana, linakuwa na mabosi watatu ambao kila mmoja ana kampeni yake ya kuiwaza. Alafu hao watano wote walichaguliwa na jiji zima kama jimbo moja la uchaguzi, kwa hiyo ukitaka kugombea unahitaji hela ya kufikia jiji zima, na waliozipata mara nyingi walitoka maeneo yaleyale ya magharibi na karibu na katikati. Upande wa mashariki, Portland ya Mashariki, maeneo ambayo mengi yaliingizwa ndani ya jiji miaka ya 1980 na 1990, ambako ndiko wahamiaji wengi wanapata nyumba wanazomudu, kulibaki na barabara zisizo na njia za waenda kwa miguu na mara chache mno mtu wa kule alikaa kwenye baraza. Majiji mengine makubwa yalishaachana na mfumo huu, Portland ilibaki peke yake.

Sasa mtu atauliza, kama ulikuwa mbaya hivyo mbona hawakuubadilisha? Walijaribu! Karne nzima ya 20 swali lilirudishwa kwenye kura mara kadhaa na kila mara jibu lilikuwa Hapana. Mwaka 2002 tena, Hapana. Mwaka 2007 meya wa wakati huo, Tom Potter, akaunga mkono pendekezo la kumpa meya madaraka makubwa zaidi, wananchi wakalikataa kwa kishindo.

Lakini siku hiyohiyo ya Mei 2007, kwenye karatasi hiyohiyo, kulikuwa na swali jingine ambalo halikupigiwa kelele nyingi na likapita. Lilisema kuanzia sasa jiji litaunda tume ya kuipitia katiba angalau mara moja kila miaka 10, tume ya wananchi 20, na kama wajumbe 15 kati ya hao 20 wakikubaliana juu ya badiliko fulani, linaenda moja kwa moja kwa wapiga kura. Baraza la jiji haliwezi kulizuia wala kulichakachua.

Mimi naona hapo ndipo mambo yote yalipoamuliwa, miaka 15 kabla ya watu kujua. Maana tatizo la kubadilisha muundo wa serikali siku zote ni kwamba waliokaa kwenye viti ndio wanaoshika mlango, na wanaposhika mlango wanapitisha yale yanayowafaa, na mwananchi akiona pendekezo limetoka kwa meya la kumuongezea meya nguvu anakataa, na ana haki kabisa kukataa. Sheria ya 2007 iliweka mlango wa pili ambao wenye viti hawana ufunguo wake, na ikaweka saa inayogonga yenyewe bila kusubiri mtu apate hamu.

Tume ya kwanza ilikaa 2011, haikugusa muundo. Ya pili ikaanza kazi mwishoni mwa 2020. Kila mjumbe wa baraza alipendekeza watu wanne, mara watano ukapata 20, na ukisikia hivyo unaweza kusema si ni haohao wakubwa wameteua watu wao? Ni hoja ya haki kabisa. Lakini wakishateuliwa hawaripoti kwao, na hii tume ilithibitisha hilo, kwa sababu ilichokipendekeza ni kufuta kazi za waliowateua kama zilivyokuwa. Walikaa na wananchi mwaka mmoja na nusu, vikao vya wazi, maoni ya kuandika na ya kuongea, na Juni 2022 wakapiga kura: 17 wakakubali, 3 wakakataa. Zilihitajika 15. Pendekezo likaenda kwenye kura ya Novemba bila kupita kwa baraza.

Kwa hiyo kwa Portland njia ni tatu, hii tume ni moja tu. Baraza lenyewe linaweza kupeleka swali kwa wapiga kura, kama lilivyofanya Novemba 2020 kuhusu bodi ya kusimamia nidhamu ya polisi, na likapita kwa zaidi ya asilimia 80. Au wananchi wanakusanya saini. Njia zote tatu zinaishia sehemu moja, kwenye sanduku la kura. Hapa ndipo ule uvumi wa kwamba meya kabadilisha katiba unapokufa, meya wa Portland hana uwezo huo hata baraza zima likimuunga mkono.

Uvumi wa pili unasema katiba ya jiji ikipita jiji linafanya linavyotaka. Hapana, iko chini ya katiba ya jimbo na ya nchi. Oregon inasema mpiga kura lazima awe raia wa Marekani, hivyo ndugu yetu mwenye kadi ya ukaazi anaweza kwenda kwenye vikao vya tume akatoa maoni yake, lakini kura hapigi mpaka apate uraia. Wapo wanaoambiwa na watu huko mitaani jiji limeruhusu, wasikubali kabisa, kupiga kura bila kuwa raia kunaweza kukuharibia mambo yako yote ya uhamiaji.

Kabla ya Novemba kukawa na kesi. Chama cha wafanyabiashara kilikwenda mahakamani kikisema pendekezo limebeba mambo mengi mno ndani ya swali moja: idadi ya madiwani, namna ya kupiga kura, kazi ya meya, vyote kwenye Ndiyo moja. Wakenya hapa mnaijua hoja hii, ni ileile ya BBI, ule mpango wa kurekebisha katiba ya Kenya. Kule Mahakama Kuu mwaka 2021 ilisema kila badiliko lazima liwe swali lake, Mahakama ya Juu Machi 2022 ikasema suala hilo lilikuwa halijafikia wakati wa kuamuliwa. Portland jaji wa kaunti ya Multnomah alisema mambo yale yote yanahusu kitu kimoja, muundo wa serikali ya jiji na namna ya kuichagua, kwa hiyo yanaweza kwenda pamoja.

Binafsi nawaelewa wote wawili. Ukigawanya vipande unaweza kuishia na gari lenye injini ya basi na magurudumu ya baiskeli, mfano wananchi wakubali madiwani 12 lakini wakatae meneja wa kuendesha idara, alafu idara anaongoza nani? Lakini ukifunga pamoja unamlazimisha anayependa nusu ameze na nusu asiyoipenda.

Linganisha na Portland nyingine. Nasisitiza maana watu wanazichanganya sana: kuna Portland ya Oregon na kuna Portland ya Maine, kule mashariki kabisa, ambako Wakongo wengi wamehamia miaka ya karibuni. Ajabu ni kwamba zote mbili zilipigia kura katiba zao Novemba ileile ya 2022. Maine utaratibu ni tofauti, wananchi kwanza waliulizwa kama wanataka tume, wakasema ndiyo, alafu wakachagua wajumbe tisa kati ya 12 kwa kura kabisa, watatu wakateuliwa na baraza. Na tume yao haikufunga mzigo mmoja, ilileta maswali manane. Matokeo yake wananchi wakachambua kama mchele, wakakataa meya mwenye madaraka makubwa, wakakubali mfuko wa umma wa kusaidia kampeni za wagombea. Ukisoma habari ya "Portland wamekataa" au "Portland wamekubali" angalia kwanza ni ipi.

Turudi Oregon. Karatasi ya kura inakuja nyumbani kwa posta, huko ndivyo wanavyopiga. Swali lenyewe sheria inalibana, kichwa kisizidi maneno 10, swali lisizidi maneno 20, muhtasari usizidi maneno 175. Ni kitu kizuri kwa mtu ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga, ila ujue maneno 20 hayawezi kubeba kurasa na kurasa za marekebisho, kinachokuwa sheria ni yale maandishi kamili, swali ni mlango tu. Kuna kijitabu cha mpiga kura, kina hoja za wanaounga mkono na wanaopinga, na hizo hoja watu wanalipia ada kuziweka, kwa hiyo wingi wa hoja upande mmoja unakuonyesha nani ana hela ya kampeni, haukuonyeshi nani ana haki. Ndiyo ni kubadilisha, Hapana ni kubaki na ilivyo. Na swali usilolielewa ukiliacha wazi kura zako nyingine haziharibiki, hili nimeona watu wazima wakiliogopa mpaka wanajaza tu ilimradi.

Asilimia kama 58 wakasema Ndiyo.

Kilichobadilika ni hiki. Jiji likagawanywa wilaya nne, kila wilaya madiwani watatu, jumla 12. Madiwani wanatunga sheria na kupitisha bajeti, idara hawaziongozi tena. Meya anachaguliwa na jiji zima, hakai kwenye baraza kama diwani ila kura zikigongana anaweza kupiga ya kuamua, na hana kura ya turufu ya kuzuia sheria. Idara zote zinaendeshwa na msimamizi mkuu wa jiji ambaye ni mtaalamu wa kuajiriwa, ukiwa Tanzania mfikirie mkurugenzi wa jiji, tofauti ni kwamba huyu anapendekezwa na meya na kuthibitishwa na baraza. Wilaya ya kwanza ndiyo ile Portland ya Mashariki, kwa mara ya kwanza ina viti vyake vitatu ambavyo hakuna wa kuvigusa.

Na kura yenyewe sasa unapanga majina. Hapa ndipo watu wanapotea kwa hiyo twende polepole. Kwa udiwani unaweka wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita ukitaka. Wengine wanasema mtu anapata kura sita, si kweli, kura ni moja, ila ina maelekezo ya iende wapi ikikwama. Chukua wilaya yenye kura 1,000 na viti vitatu. Mtu anashinda akipita robo, yaani kura 251. Kwa nini robo? Kwa sababu watu wanne hawawezi wote kufika 251, ingehitaji kura 1,004, kwa hiyo watakaofika hawawezi kuzidi watatu. Sasa Asha kapata 351, kashinda, na ana ziada ya 100. Hiyo ziada haitupwi, karatasi zake zote zinaangaliwa namba mbili ni nani, na kila moja inapeleka kipande kidogo cha thamani yake huko, jumla ya vipande ni kura 100. Kama bado viti vimebaki, wa mwisho kabisa anatolewa na karatasi zake zinaenda kwa chaguo lao linalofuata. Wanarudia hivyo mpaka viti vijae. Faida yake ni kwamba kundi lenye zaidi kidogo ya robo ya wilaya haliwezi kufutwa na walio wengi, linapata mtu wake.

Uchaguzi wa kwanza ulikuwa Novemba 2024. Karibu watu 100 waligombea udiwani, na Keith Wilson, mfanyabiashara wa malori ambaye hakuwahi kushika cheo cha kuchaguliwa, akawa meya. Mabaya nayo yapo na siyafichi. Watu wengi waliopiga kura ya rais waliacha udiwani wazi, orodha ndefu iliwachosha, na wilaya ya kwanza ambayo ndiyo ilikuwa ifaidike kuliko zote ndiyo ilikuwa na ushiriki mdogo kuliko zote. Hilo linaniuma, kwa sababu wanaoishi kule ni pamoja na watu wetu, na viti hivyo walipiganiwa na tume kwa miezi mingi. Alafu namba 12 inagawanyika sawa kwa sawa: Januari 2025 baraza jipya lilikaa kuchagua rais wake, kura zikawa sita kwa sita, raundi baada ya raundi, mpaka Elana Pirtle-Guiney akapita.

Na sio kila tume inashinda. Detroit wananchi walichagua tume ya watu tisa, wakaandika katiba mpya nene, ikapelekwa kwenye kura Agosti 2021 ikakataliwa na wengi. Kazi ya miaka ikaisha siku moja, katiba ya zamani ikaendelea, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa kama mwenye neno la mwisho ni mpiga kura.

Portland saa yao inaendelea. Tume ya mwisho ilianza mwishoni mwa 2020, kwa hiyo nyingine haiwezi kucheleweshwa kupita mwaka 2030 au hapo karibu, na watakaokaa safari hiyo watakuwa na kitu ambacho wale 20 hawakuwa nacho, rekodi ya miaka kadhaa ya madiwani 12 na meya asiye na kura ya turufu, waangalie kama kweli Portland ya Mashariki imepata njia zake za waenda kwa miguu.